Godoro la upepo, baridi ya Njombe na mtoto wa miezi saba

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa ajira mpya, nimepangiwa shule moja mkoani Njombe. Nimepanga chumba chenye sakafu ya saruji, kitanda sina. Nilinunua godoro la kujaza upepo la bei nafuu, la watu wawili, nikasema nitalilalia miezi minne mpaka nijipange. Nalala na mwanangu wa miezi saba. Sasa ni wiki ya tatu: usiku naliacha limekaza kama ngoma, alfajiri limelegea hadi nyonga yangu inagusa sakafu. Kiuno kinauma, na baridi inatoka chini hata nikijifunika mablanketi mawili. Mama mwenye nyumba ananiambia nilale kwenye mkeka, mgongo utanyooka. Niendelee nalo au naumia bure?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Hongera kwa ajira na kwa mtoto, na pole kwa hizo alfajiri. Nitaanza na jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu ndilo lililonikosesha amani nilipousoma ujumbe wako: mtoto asilale tena kwenye godoro hilo, kuanzia usiku wa leo. Habari ya kiuno chako inaweza kusubiri hadi kesho, hii haisubiri.

Mtoto wa miezi saba anajua kujigeuza, lakini hana nguvu ya uhakika ya kujinasua. Godoro la upepo likilegea hufanya bonde pale alipolala mwenye uzito mkubwa, yaani wewe, na chochote kilicho chepesi hubingirikia humo. Uso wake ukizama kwenye plastiki inayobonyea, au ukibanwa na ubavu wako, anaanza kuvuta hewa ileile aliyoitoa, yenye kaboni dioksaidi nyingi na oksijeni kidogo. Hatapiga kelele. Mama anaweza kuwa amelala kandokando yake asisikie lolote. Kuna pia ule mwanya kati ya godoro na ukuta: jioni godoro limejaa huuoni, saa tisa usiku upepo umepungua umeshafunguka, na kichwa cha mtoto kinaingia. Tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa za matumizi inaonya kwamba mtoto wa miezi 15 au chini ya hapo asilazwe kabisa kwenye godoro la upepo. Haisemi alazwe likiwa limejazwa vizuri. Inasema asilazwe. Na wewe mwenyewe umeniambia kwamba lako halifiki asubuhi likiwa limejaa.

Mtafutie godoro dogo la sponji, gumu, hata la inchi tatu. Tandika maboksi yaliyofunguliwa, juu yake mkeka, kisha hilo godoro, na shuka moja lililochomekwa likakaza. Liwe karibu nawe kiasi kwamba mkono unamfikia, lakini lisigusane na godoro lako wala lisiache mwanya wa kumbana ukutani. Mlaze chali. Asiwe na mto, wala blanketi zito la kujifunika. Mvalishe fulana, suruali, sweta na soksi, nguo juu ya nguo. Kofia ivuliwe akishalala, maana hushuka usoni. Ukitaka kujua kama ana baridi usiguse vidole, vidole vya mtoto hupoa upesi. Gusa shingo kwa nyuma. Ikiwa na joto bila jasho, yuko sawa. Kama wiki hii huna fedha ya sponji, kunja blanketi zito liwe bapa na gumu, libane vizuri kwa shuka, litandike juu ya maboksi na mkeka. Ni bora mara nyingi kuliko upepo.

Kunyonyesha usiku nako kubadilike kidogo. Kaa juu ya mkeka, uegemee ukuta, mto nyuma ya kiuno. Akimaliza mrudishe kwake kabla wewe hujajilaza. Ukijisikia usingizi unakuzidi nguvu, mrudishe kwanza hata kama hajashiba. Ataamka tena, utamnyonyesha tena.

Na kwa kuwa uko Njombe, lazima niseme la jiko. Najua Juni na Julai usiku wa huko unaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na najua watu huingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga dirisha, wakalala. Usifanye hivyo, hata kwa nusu saa, hata mkaa ukiwa umeshashika na hautoi moshi. Mkaa usiotoa moshi unaendelea kutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na anayeivuta akiwa usingizini haamki. Kulala chini hakukuepushi nayo, kwa sababu uzito wake unakaribiana na wa hewa ya kawaida, inaenea chumba kizima. Pasha maji, tia kwenye chupa, zungushia kanga au taulo, weka katikati ya matandiko yako robo saa kabla ya kulala. Isigusane moja kwa moja na godoro, maana plastiki yake hulainika kwa joto na maungio yakaachia. Kwenye matandiko ya mtoto usiiweke.

Sasa tuje kwako. Mtu mzima asiye na ugonjwa wa mgongo anaweza kulala kwenye godoro la upepo kwa wiki kadhaa bila kudhurika. Mimi mwenyewe nilipoanza kazi nililalia moja kwa wiki tano, na nilichojifunza ni kwamba shida huanza pale mtu anapolichukulia kama godoro la kawaida: ukalijaza siku ya kwanza ukasahau. Hili ni mfuko wa plastiki. Linataka kuangaliwa kila jioni.

Kulegea kwake kuna sababu tatu, na ni vizuri ujue lako lina ipi kabla hujaanza kulaumu tundu. Ya kwanza ni kunyumbuka. Plastiki ya PVC ikiwa mpya huvutika siku za mwanzo, nafasi ya ndani inaongezeka, upepo uliokuwa unatosha unakuwa hautoshi. Kwa kuwa umefika wiki ya tatu, hilo limekwisha au limebaki kidogo sana. Ya pili ni baridi yenyewe. Hewa ikipoa husinyaa. Chumba kikitoka nyuzi 22 za jioni hadi 12 za alfajiri, hewa iliyo ndani inapungua kwa zaidi ya asilimia 3. Unaweza kuona ni kidogo, lakini ugumu wa godoro unatokana na upepo mchache uliozidi baada ya mfuko kujaa. Huo ukiondoka, unabaki na mfuko uliojaa lakini haukazi. Ya tatu ndiyo tundu.

Kuzitofautisha ni rahisi. Jumamosi au Jumapili, ukiamka limelegea, usiliguse. Funga kiziba, weka matandiko pembeni, liache chumbani bila mtu kukaa juu yake hadi saa tisa alasiri. Chumba kikishapata joto, libonyeze. Kama limekaza tena lenyewe, tatizo lako kubwa ni baridi, na dawa yake ni kulijaza usiku unapokwenda kulala badala ya saa kumi na mbili jioni, kisha kuliongeza kidogo baada ya dakika kumi za kulilalia. Kama limezidi kulegea, upepo unatoka mahali.

Anzia kwenye kiziba. Magodoro mengi ya bei nafuu huvujia hapo kabla ya kwingine, mara nyingi kwa sababu ya mchanga au uzi wa blanketi uliokwama kwenye ule ulimi wa ndani. Fungua, futa kwa kitambaa chenye maji, kausha, funga ukikaza kwa mkono. Kisha changanya maji na sabuni ya kuoshea vyombo, pitisha kwa sponji kwenye kiziba, kwenye maungio yote ya pembeni, na upande wa chini ambao husugua sakafu. Palipo na tundu mapovu yatajitokeza na kukua. Zungushia alama kwa kalamu ya wino, toa upepo wote, kausha kabisa, futa kwa spiriti. Kama tundu liko upande wa juu wenye yale manyoya laini, kwangua manyoya kwanza, kwa kuwa kiraka kilichobandikwa juu ya manyoya hubanduka. Tumia kiraka kilichokuja na boksi, au kipande cha plastiki ya aina ileile na gundi ya PVC. Usiende kwa fundi baiskeli: gundi yake imetengenezwa kwa ajili ya mpira, kwenye PVC haishiki vizuri. Kiwekee kitu kizito juu yake na ukiache usiku mzima kabla ya kujaza.

Ukiona nundu imetokea katikati, godoro limevimba sehemu moja kama mgongo wa ng'ombe, hapo hakuna kiraka. Ndani ya godoro kuna kuta ndogo zinazoshikilia upande wa juu na wa chini. Zikikatika, nundu itakua kila unapojaza. Usiendelee kulitia fedha.

Kiuno. Umeniambia unaliacha limekaza kama ngoma, na asubuhi nyonga inagusa chini. Basi unapata ubaya wa pande zote mbili katika usiku mmoja. Likikaza mno, uzito wako unabebwa na bega na nyonga peke yake, kiuno kinaning'inia hewani. Likilegea mno, makalio yanazama, mgongo unapinda kama uko kwenye machela, na misuli inafanya kazi usiku kucha kukuzuia usiporomoke. Unachotaka ni katikati ya hapo. Lala kwa ubavu, mwombe mtu akutazame kwa nyuma au akupige picha kwa simu: mstari wa uti wa mgongo kutoka shingoni hadi mkiani uwe umenyooka, usielekee juu wala chini. Toa upepo kidogo kidogo hadi uone hivyo. Halafu fanya jaribio la nyonga: bado kwa ubavu, jiinue kidogo kama unayetaka kujigeuza. Ikigusa sakafu, ongeza. Mara mbili tatu hivi mkono wako utakuwa umeshakijua kipimo, hutahitaji mtu.

Weka mto kati ya magoti ukilala ubavu, au chini ya magoti ukilala chali. Usilale kifudifudi juu ya godoro hilo. Unapoamka usijivute kwa tumbo ukae wima ghafla. Geuka ubavu, shusha miguu, piga magoti, ndipo usimame. Hili nalisisitiza kwako kwa sababu una miezi saba tangu ujifungue, na misuli ya tumbo inayoshikilia kiuno huchukua miezi mingi kurudisha nguvu zake. Unambeba mtoto mchana, unasimama mbele ya ubao, unainamia madaftari. Godoro limeongezea mzigo ambao ulikuwepo tayari, na sidhani kwamba ndilo lililouanzisha. Dakika tano za kutembea baada ya kila vipindi viwili zitakusaidia pengine kuliko kitu chochote utakachokilalia.

Mama mwenye nyumba anakutakia mema, na wazo la kwamba sehemu ngumu hunyoosha mgongo nimelisikia kwa wagonjwa wangu miaka yote. Hata madaktari walikuwa wakilisema. Mwaka 2003 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Hispania kwa watu 313 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Nusu walipewa magodoro magumu, nusu ya ugumu wa wastani, wakayalalia siku 90. Waliolalia ya wastani ndio waliopata nafuu zaidi. Kwa hiyo mkeka mtupu juu ya saruji ya Njombe sikushauri, kwa mgongo na kwa baridi pia. Mkeka wake uchukue kwa shukrani, una kazi nyingine nitakayokueleza.

Kuna wanaosema pia kwamba godoro la upepo ni la kitabibu kwa sababu wameliona hospitalini. Lile ni jingine kabisa: lina pampu inayofanya kazi muda wote, inajaza vyumba hivi na kupunguza vile kwa zamu, ili mgonjwa asiyeweza kujigeuza asipate vidonda vya mgandamizo. Halina uhusiano na hili la kwako zaidi ya upepo.

Kuhusu baridi inayotoka chini, umeielezea sawasawa na umeitibu upande usio wake. Kila anayelala kwenye upepo hufanya hivyo: anaongeza blanketi juu. Hewa iliyo ndani ya godoro haitulii kama iliyonaswa ndani ya sponji. Inazunguka, inachukua joto la mwili wako, inalipeleka kwenye plastiki ya chini, na saruji inalimeza. Unaipasha moto sakafu ya mwenye nyumba usiku kucha. Chukua blanketi moja kati ya yale mawili, zito zaidi, ulitandike chini yako, juu ya godoro, kisha shuka. Chini ya godoro weka maboksi yaliyofunguliwa, tabaka mbili, na juu yake ule mkeka. Maboksi huzuia baridi vizuri kuliko mkeka. Mkeka nao hulinda plastiki isisuguane na chembe za saruji. Fagia kabla ya kutandika kila mara, kokoto moja inatosha kukuharibia wiki nzima. Fanya hivi leo na kesho utaamka mtu mwingine, hata kabla hujagusa kiziba.

Asubuhi lisimamishe ukutani pamoja na maboksi. Jasho la usiku hupenya matandiko, likikuta plastiki baridi linageuka majimaji, na chini ya godoro lisiloinuliwa wiki mbili utakuta ukungu mweusi, ambao kwa kifua cha mtoto haufai. Usilianike juani likiwa limejaa, hewa hutanuka na maungio hupasuka. Usisimame juu yake wala usikae ukingoni kuvaa viatu: uzito wote unakwenda kwenye ungio moja. Na usilijaze kwa mdomo, utapata kizunguzungu na kuingiza unyevu usiotoka.

Miezi minne hailifai. Haya magodoro hutengenezwa kwa ajili ya wageni wa siku mbili na watu wa kwenda kupiga kambi. Likilaliwa kila usiku, la bei nafuu kwa kawaida maungio yake huanza kuachia mapema. Lichukulie kama la miezi miwili na upange fedha hivyo. Wengi hukosea hapa, wanasubiri wapate fedha ya kitanda na godoro kwa pamoja, na kusubiri huko ndiko kunakowaumiza. Nunua godoro la sponji kwanza, la futi tatu na nusu kwa sita, inchi nne au sita, ulilalie juu ya maboksi na mkeka. Dukani usitazame ua la kitambaa: nyanyua mawili ya ukubwa mmoja, lililo zito zaidi kwa kawaida ndilo lenye sponji nzuri. Bonyeza kwa ngumi hadi chini, achia. Lirudi upesi bila kuacha shimo. Siku hiyo la upepo likunje, liwe la mgeni.

Kuna mambo yatakayonifanya nikuambie uache kusoma haya uende hospitali: maumivu yakishuka mguuni hadi chini ya goti yakiambatana na ganzi au mguu kukosa nguvu, ganzi sehemu unayokalia, kushindwa kuzuia au kutoa mkojo au choo, homa pamoja na maumivu ya mgongo. Ya ganzi ya makalio na mkojo huendewa siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Na kama kiuno hakijapungua wiki sita baada ya kurekebisha malazi, njoo au nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia aliye karibu akupime, tusiendelee kubahatisha.

Kitanda kisikutishe. Uko kwenye mkoa wa mbao, misindano imekuzunguka. Usiagize kitanda chenye ubao wa kichwani na droo. Mwambie seremala akutengenezee kichanja tu, futi tatu na nusu kwa sita, miguu sita badala ya minne ili katikati pasibonyee, kimo cha inchi kumi na mbili hivi upate kuweka sanduku chini na baridi ya saruji iwe mbali nawe. Chaga ziwe karibu, nafasi kati ya moja na nyingine isizidi vidole vitatu, vinginevyo sponji itazama kwenye mianya na utaniandikia tena. Mwambie apige randa vizuri upande wa juu na azamishe vichwa vya misumari.